Kulehemu chipu zenye miguu myembamba kwenye bodi ya kutengeneza nyumbani: mwongozo kamili

Swali ambalo wanaolehemu chipu nyumbani hulileta kila mara ni lilelile: bodi imechapwa, chipu imekaa, lehemu inang'aa, lakini kompyuta haioni kitu. Picha zinazoambatana na swali nazo zinafanana: madonge ya lehemu kati ya miguu, njia za shaba zilizobanduka, na flaksi (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike) iliyoungua mpaka ikawa nyeusi.

Wengi hulaumu mkono wao kwamba unatetemeka. Mkono hauna kosa. Lehemu iliyoyeyuka hufuata metali safi yenye moto na kukwepa kila kitu kingine, hata ukiipeleka ovyo. Kazi hii huharibika kabla chuma hakijachomekwa kwenye umeme: kwenye kuchapa bodi, kwenye kuipima, na kwenye ubahili wa flaksi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu haihusu kulehemu kabisa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: STM32F103C8T6, chipu ya kupangiwa programu iliyo kwenye kile kibodi kidogo cha majaribio kinachojulikana kama Blue Pill. Kasha lake ni LQFP48. Lina miguu 48, yaani 12 kila upande, na kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mguu unaofuata ni milimita 0.5. Mwili ni milimita 7 kwa 7. Ukijumlisha miguu ni 9 kwa 9.

Kama hujawahi kabisa kulehemu chipu ya juu ya bodi, usianze na hii. Anza na ATmega328P, chipu nyingine ya aina hiyo, ya kasha TQFP32, ambayo nafasi yake ni milimita 0.8. Hatua ni zilezile, ila inasamehe. Chipu zisizo na miguu, zile zenye vitako vilivyofichwa chini ya tumbo, hazimo humu. Hizo zinataka upepo wa moto na lehemu ya uji.

## Vifaa

Karibu vyote vinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya simu. Ukiwa Nairobi pita Luthuli, ukiwa Dar es Salaam pita Kariakoo. Usianze kazi ukiwa na nusu ya orodha.

- Chuma cha kulehemu kinachodhibiti joto. Vile vya bei rahisi vinavyochomekwa moja kwa moja ukutani hupanda vyenyewe hata kupita nyuzi 400, na gundi inayoshika shaba kwenye bodi haistahimili joto hilo kwa muda mrefu.
- Ncha bapa ya milimita 2, au ncha ya kwato, ile iliyokatwa mshazari. Ncha kali ya sindano iache. Inabeba lehemu kidogo, haipitishi joto vizuri, na ndiyo inayokufanya uchokoe mguu mmoja mmoja.
- Waya wa lehemu wa milimita 0.5 au 0.6, mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37. Huyeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda hapohapo. Ile isiyo na risasi, SAC305, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na kwa mwanafunzi ni mateso bure.
- Flaksi ya jeli, ya kwenye bomba la sindano. Isiwe ile ya mafundi bomba. Ile ina asidi, itakula njia zako za shaba wiki mbili baada ya wewe kusherehekea.
- Utepe wa shaba wa kunyonya lehemu, upana wa milimita 2 hivi.
- Kibano chenye ncha nyembamba, kisichoshika sumaku.
- Lenzi ya kukuza mara 10. Kamera ya simu ikikuzwa inasaidia, lakini lenzi ni bora kwa sababu unaweza kuinamisha kichwa na kuona ubavu wa mguu.
- Multimita yenye mlio wa kupima muunganiko na yenye alama ya dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu).
- Isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamoja na mswaki wa zamani. Spiriti ya kusafishia vidonda huweza kuwa na mafuta ndani yake, na mafuta hayo hubaki kwenye bodi.
- Kisu chembamba cha kukatia karatasi, taa kali, na kipande cha mkanda wa karatasi wa kubandikia bodi mezani.

Fungua dirisha. Moshi unaouona ni wa flaksi, na ndio unaowasha kifua. Risasi yenyewe haiingii kwa moshi bali kwa vidole: usile wala usivute sigara ukiwa kazini, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

## Hatua ya 1: Chora bodi ukijua huna rangi ya kinga

Bodi ya kiwandani ina ile rangi ya kijani inayofunika kila mahali isipokuwa penye pedi, yaani vitako vya shaba ambavyo miguu hukalia. Ya kwako haina. Kwa hiyo lehemu uliyoweka kwenye pedi iko huru kukimbia kando ya njia nzima ya shaba, na mashimo yako hayana shaba ndani ya kuunganisha juu na chini. Mambo haya mawili ndiyo yanayotakiwa kuongoza mchoro.

Pedi ziwe na upana wa milimita 0.25. Programu nyingi hukupa 0.3, na hapo pengo linabaki 0.2. Kwa tona ya printa, ule unga wa wino unaohamishwa kwa moto kutoka kwenye karatasi hadi kwenye shaba, pengo hilo ni la kubahatisha.

Refusha pedi kwa nje milimita 0.7 hadi 1 zaidi ya mguu unapoishia. Sehemu hiyo ya ziada ndiyo ncha ya chuma itakapokanyaga. Bila hiyo unalazimika kupanda juu ya miguu, na miguu hupinda.

Usiunganishe miguu miwili jirani kati ya pedi na pedi, hata kama inakwenda sehemu moja. Itoe nje kwanza, kisha uiunganishe huko. La sivyo hutaweza kutofautisha daraja uliloliweka mwenyewe na daraja la bahati mbaya.

Mguu unaokwenda kwenye uwanja mpana wa shaba upite kwanza kwenye kinjia chembamba cha milimita 1 au 2. Uwanja mpana hunyonya joto, na mguu huo utabaki na lehemu iliyokaa juu bila kushika.

Chini ya tumbo la chipu pasiwe na tundu lenye kiwaya cha kuunganisha juu na chini. Njia za kawaida zinaweza kupita, kwa kuwa tumbo ni plastiki. Lakini nafasi iliyopo chini ya LQFP ni kati ya milimita 0.05 na 0.15 tu. Kibonge chochote cha lehemu pale kitaifanya chipu iyumbe, na miguu ya upande mmoja haitagusa bodi.

Mwisho wa kila mstari wa miguu ongeza pedi moja ya bure, isiyounganishwa na kitu. Faida yake utaiona kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Chapa na uchonge

Hapa kuna mtego ambao huwanasa hasa wale waliozoea vipuri vya miguu mirefu. Vipuri hivyo shaba yake iko chini ya bodi, na programu huonyesha upande wa chini kana kwamba unatazama kupitia bodi. Ukichapa hivyohivyo na kugeuza karatasi juu ya shaba, inatoka sawa. Chipu ya juu ya bodi iko upande wa juu. Upande wa juu lazima uchapwe umegeuzwa, kama unavyoonekana kwenye kioo. Ukisahau, namba za miguu zitazunguka kinyume, na hakuna ufundi wa kulehemu utakaorekebisha hilo. Njia ya kuhakikisha: andika neno lolote kwenye mchoro. Kwenye karatasi lisomeke kinyumenyume, kwenye shaba lisomeke sawa.

Pili, ukubwa uwe asilimia 100 kamili. Printa nyingi, kwa hiari yao, hupunguza mchoro ili utoshe kwenye ukurasa. Kutoka mguu wa kwanza hadi wa 12 ni milimita 5.5. Printa ikipunguza kwa asilimia 3 tu, mguu wa mwisho utakuwa umehama milimita 0.165, theluthi nzima ya nafasi iliyopo. Chapa kwenye karatasi ya kawaida kwanza, weka chipu juu yake, utazame kwa lenzi. Miguu yote 48 ikae juu ya mistari yake.

Wakati wa kuchonga, yaani kuiacha dawa ile shaba isiyofunikwa na tona, feri kloridi iwe ya uvuguvugu na uitikise muda wote. Vaa glavu, na usimwage mabaki kwenye sinki. Toa bodi mara tu shaba iliyo kati ya pedi inapokwisha. Dawa hula pia kutoka ubavuni, na pedi ya milimita 0.25 haina nyama ya kupoteza.

Na kama una uchaguzi, tumia bodi ya nyuzi za kioo, FR4. Zile za kahawia za karatasi ni rahisi kutoboa, lakini shaba yake hubanduka upesi ukizidisha moto.

## Hatua ya 3: Pima bodi ikiwa tupu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa chipu nyingi kuliko nyingine zote.

Shika bodi mbele ya taa kali na uitazame kwa lenzi ukiwa upande wa shaba. FR4 hupitisha mwanga, kwa hiyo kila pengo kati ya pedi linatakiwa kuonekana kama mstari wa nuru usiokatika. Penye doa jeusi kati ya pedi mbili, pana uzi wa shaba uliobaki.

Kisha futa tona kwa asetoni, maana tona haipitishi umeme, chukua multimita, weka kwenye mlio, na upime kila njia na jirani yake, ukizunguka pande zote nne. Baada ya hapo pima kila njia yenyewe, kutoka kwenye pedi hadi inapoishia. Ya kwanza isilie popote; ya pili ilie kila mahali.

Uzi wa shaba ukiupata, ukate kwa kisu ukivuta kando ya njia, si kuikata njia. Njia iliyokatika iunge kwa unywele mmoja wa waya wa shaba, lakini ikiwa imekatika ndani ya eneo la miguu, achana na bodi hiyo. Karatasi nyingine na kipande kingine cha bodi ni gharama ndogo.

Kwa nini sasa na si baadaye? Kwa sababu ukishalehemu, uzi wa shaba ulio chini ya mguu unafanana kabisa na daraja la lehemu. Utanyonya, utachoma, utanyonya tena, mpaka pedi ing'oke, ukitafuta kosa ambalo halikuwa la lehemu.

Dalili ya kufaulu: milio unayoitaka yote ipo, usiyoitaka hakuna, na umeandika kwenye karatasi kwamba umeikagua. Usitegemee kumbukumbu.

## Hatua ya 4: Safisha, paka flaksi, shikiza

Sugua shaba kwa kifutio cheupe cha penseli mpaka iwe na rangi ya waridi. Stilwaya ya kuoshea sufuria inafanya kazi haraka zaidi, ila inaacha nyuzi za chuma zisizoonekana ambazo hulala kati ya pedi. Ukiitumia, sugua kwa kufuata urefu wa pedi na uoshe kwa mswaki na isopropili mara mbili. Kuanzia hapo usiguse shaba kwa vidole, na lehemu siku hiyohiyo. Shaba tupu huanza kufifia upesi, hasa ukiwa pwani.

Kuna ushauri maarufu wa kupaka lehemu pedi zote kwanza. Kwa nafasi ya milimita 0.5 siukubali. Pedi zinakuwa na migongo, miguu inateleza kutoka mgongo mmoja kwenda bondeni, na chipu inakaa imepinda. Kama ulishapaka, nyonya zote kwa utepe mpaka zilale bapa.

Paka flaksi pande zote nne, tabaka jembamba lakini lisiloacha mahali. Flaksi ina kazi mbili hapa: inaondoa kutu ya juu ya shaba, na kwa kunata kwake inaishikilia chipu unapoipanga.

Sasa chipu. Gusa kwanza kitu cha metali kilichoungwa na ardhi ili umeme tuli ukutoke, hasa mahali pakavu. Shika mwili kwa kibano, usishike miguu. Tafuta kidoti cha mguu namba 1. Kwenye baadhi ya makasha kuna kidoti zaidi ya kimoja, kwa hiyo linganisha na karatasi ya data ya mtengenezaji. Ukitazama kwa juu, namba huenda kinyume cha saa.

Nisisitize hili la kidoti, maana chipu hii ina hila yake. Jozi za umeme (mguu wa ardhi, yaani hasi, na wa chanya) ziko kwenye miguu ya 23 na 24, 35 na 36, 47 na 48, yaani mwishoni mwa pande tatu. Ukiiweka imegeuka robo, jozi mbili kati ya hizo bado huangukia palepale penye umeme. Baadhi ya vipimo vitakuonyesha kuwa mambo ni shwari, na bado haitazungumza.

Weka chipu, isukume kidogokidogo kwa ncha ya kibano, na utazame kwa lenzi pande zote nne. Upande mmoja ukiwa sawa haimaanishi chochote. Mzunguko mdogo huonekana kwenye kona ya mbali.

Chuma kiwe kwenye nyuzi 320 hadi 340. Chukua lehemu kidogo sana kwenye ncha, bonyeza chipu kwa kibano taratibu, gusa mguu mmoja wa kona kwa sekunde moja. Usijali ikishika miguu miwili. Tazama tena pande zote. Kama imehama, yeyusha hiyo kona, isogeze, iache igande. Ikiwa sawa, shikiza kona ya upande wa pili wa mshazari.

Hapa ndipo mahali pa mwisho pa kurekebisha bila maumivu. Ukishashika upande mzima, chipu haisogei tena. Kaa na lenzi mpaka uridhike.

## Hatua ya 5: Vuta lehemu

Ongeza flaksi juu ya miguu yote. Nyingi. Ukidhani inatosha, ongeza tena. Bomba moja litalehemu chipu nyingi, kwa hiyo hakuna unachookoa kwa kubana. Katika kazi hii yote, flaksi kidogo ni kosa na flaksi nyingi ni uchafu tu wa kuoshwa.

Bandika bodi mezani kwa mkanda, ikiinama kidogo kuelekea upande utakaomalizia. Anza na upande ambao haujashikizwa mwanzoni mwake.

1. Futa ncha mpaka ing'ae. Ncha nyeusi haipitishi joto wala haibebi lehemu.
2. Yeyusha waya wa lehemu juu ya ncha mpaka pawe na tone dogo kwenye uso wake bapa, urefu wa milimita 3 au 4 za waya unatosha kuanzia.
3. Weka uso huo kwenye zile sehemu ulizorefusha, mahali ambapo kidole cha mguu kinakutana na pedi. Usikanyage juu ya goti la mguu.
4. Vuta kuelekea chini ya mwinamo, polepole na kwa mwendo mmoja, kama anayepaka samli kwenye chapati. Mstari wa miguu 12 uchukue sekunde 4 hadi 6.
5. Ukifika mwisho, vuta ncha itoke kupitia ile pedi ya bure. Tone lililobaki hupenda kukwama kwenye miguu miwili ya mwisho. Sasa lina mahali pengine pa kukwamia.

Usibonyeze. Uzito wa ncha wenyewe unatosha. Joto ndilo linalofanya kazi, na flaksi ikichemka utaona lehemu ikiruka kutoka mguu hadi mguu, kila mmoja ukichukua haki yake na kuliacha pengo tupu.

Kwa kuwa bodi yako haina rangi ya kinga, utaona lehemu fulani ikikimbia kando ya njia ndefu na kuuacha mguu na kiasi kidogo. Si kosa lako. Pita mara ya pili ukiwa na flaksi mpya na tone dogo. Lakini subiri upande upoe kidogo kwanza. Pedi ya nyumbani ikikaa kwenye moto zaidi ya sekunde tatu mfululizo huanza kuachia, hasa ikiwa umekuwa ukiirudia.

Upande mmoja ukiisha, geuza bodi na uende upande wa mkabala, kisha hiyo miwili iliyobaki, ukiacha joto litawanyike. Zile kona mbili za kushikiza zitajisawazisha zenyewe utakapozipitia.

Dalili ya kufaulu: mbele ya kila mguu pana mteremko mdogo wa lehemu, umepinda kuelekea ndani, unaong'aa, na unaweza kuhesabu miguu yote kwa lenzi bila kusita. Donge la duara lililokaa juu ya mguu maana yake lehemu imeshika mguu lakini pedi haikupata moto.

## Hatua ya 6: Ondoa madaraja

Daraja si balaa, kila mtu hulipata. Kosa ni kulishambulia likiwa kavu.

Kwanza ongeza flaksi. Kisha ncha safi, isiyo na lehemu, iguse daraja na uivute kwa nje, mbali na mwili wa chipu. Mara nyingi hiyo tu inatosha: lehemu iliyozidi hupanda kwenye ncha.

Likikataa, lete utepe wa shaba. Uchovye kwenye flaksi, uulaze juu ya daraja, weka ncha juu ya utepe na usubiri uone lehemu ikipanda. Hesabu moja, mbili. Kisha inua utepe na chuma kwa pamoja, wima. Ukitoa chuma kwanza, utepe unaganda kwenye pedi, na ukiuvuta unaondoka na pedi. Usiusugue mbele na nyuma pia. Njia nyingi zilizobanduka kwenye picha nilizozitaja mwanzoni zimetokana na kusugua.

Daraja lililo nyuma, juu karibu na mwili wa chipu, ndilo gumu kuliona. Inamisha bodi na utazame kwa ubavu, taa ikiwa upande wa pili.

Ukishindana na daraja moja mara tatu, acha. Pengine ni ule uzi wa shaba wa hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Osha

Mimina isopropili, sugua kwa mswaki kufuata mwelekeo wa miguu, futa kwa karatasi laini kabla haijakauka. Rudia. Ukiiacha ikauke yenyewe, flaksi iliyoyeyuka inajitandaza bodi nzima ikiwa tabaka jeupe. Uchafu huu huficha nyufa na nywele za lehemu, kwa hiyo usipime chochote kabla ya kuosha.

## Hatua ya 8: Pima mguu kwa mguu

Usiweke vipuri vingine bado. Chipu ikiwa peke yake kwenye bodi, vipimo vinasomeka waziwazi.

Kwanza jicho. Kwa ncha ya kibano sukuma kila mguu kidogo sana kwa ubavu. Ulioshika hausogei.

Pili, mlio kati ya njia jirani, kama ulivyofanya bodi ikiwa tupu. Popote panapolia leo na hapakulia jana, pana daraja.

Tatu ni kipimo ambacho wengi hawakijui, na ndicho kinachofichua mguu ambao haujashika. Ndani ya chipu, karibu kila mguu una dayodi ya kinga kutoka kwenye ardhi. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu wa mita uweke kwenye ardhi, mguu wa 23. Waya mweusi upitishe kwenye njia moja baada ya nyingine. Kila njia iliyoshikamana na mguu wake itakuonyesha kati ya volti 0.4 na 0.7 hivi. Njia isiyosoma kitu ina mguu unaoelea. Njia inayosoma sifuri imeungana na ardhi. Kama si mguu wa ardhi, tafuta daraja.

Gusa njia mbali na mguu, sentimita moja au zaidi. Ukigusa mguu wenyewe unaubonyeza ushikane na pedi, na mita inakudanganya.

Zisomeke zote. Miguu inayofanana husoma namba zinazokaribiana, kwa hiyo inayopotoka sana kuliko wenzake irudie kwa flaksi na mguso mmoja wa chuma.

## Ikishindikana: okoa chipu, si bodi

Pedi mbili tatu zimebanduka na chipu imepinda? Usiendelee kubembeleza bodi. Bodi ni yako, utachapa nyingine jioni hii. Chipu ulinunua.

Mwenye upepo wa moto apulize kwa nyuzi 350 hivi akizunguka pande zote, mpaka chipu isogee yenyewe inaposukumwa, ndipo ainyanyue. Asiye nao ajaze lehemu kwa makusudi pande zote nne, kila upande uwe daraja moja kubwa, kisha azungushe chuma haraka kutoka upande hadi upande mpaka zote ziwe majimaji kwa wakati mmoja, na aisukume chipu itoke. Pedi zitakufa, zife. Safisha miguu kwa flaksi na utepe, inyooshe kwa lenzi, urudi hatua ya 1.

## Hatua ya 9: Umeme wa kwanza

Sasa weka kapasita za nanofaradi 100, moja karibu na kila jozi ya umeme, na mguu wa 44 uuvute kwenye ardhi kwa rezista ya kiloomu 10 ili chipu ianze kawaida. Usisahau miguu ya 8 na 9, ambayo ni ardhi na umeme wa upande wa analogi. Hiyo nayo inataka kuungwa hata kama hutumii analogi.

Pima ukinzani kati ya umeme na ardhi. Ukiwa karibu na sifuri, usiwashe.

Kama huna chanzo cha umeme chenye kikomo, tia rezista ya oomu 47 kwenye waya wa volti 3.3. Hata kukiwa na shoti kamili haitapita zaidi ya miliampia 70 hivi, na chipu mpya isiyo na hitilafu hutumia kiasi kidogo tu. Washa, upime volti kati ya mguu wa 24 na 23. Ikiwa juu ya 2.5, uko salama, kwani chipu hii hufanya kazi kuanzia volti 2. Ikiwa karibu na sifuri, zima mara moja urudi kwenye lenzi. Gusa pia mwili wa chipu kwa kidole: isiwe na moto.

Ondoa rezista, unganisha ST-Link, kifaa cha kuingizia programu kwenye chipu: waya wake wa data, SWDIO, kwenye mguu wa 34, wa saa, SWCLK, kwenye wa 37, ardhi kwa ardhi, na volti 3.3. Omba programu isome namba ya utambulisho. STM32F103 halisi hujibu 0x1BA01477. Isipojibu kabisa, rudia kipimo cha dayodi kwenye miguu hiyo miwili na ule wa 7, wa kuanzisha chipu upya, halafu hakikisha kidoti.

Ikijibu 0x2BA01477, kulehemu kwako hakuna kosa lolote. Umeuziwa chipu ya kuiga. Zimejaa sokoni zikiwa na maandishi yaleyale juu. Kwenye OpenOCD, programu ya kompyuta inayozungumza na chipu kupitia ST-Link, badilisha namba inayotarajiwa ndani ya faili la mipangilio ya chipu, kwenye CPUTAPID, na itakubali kupokea programu. Kwa kazi ya kuwasha taa na kusoma vihisi inatosha. Kwa kitu utakachomuuzia mteja, itoe kwa njia niliyoeleza hapo juu na utafute duka lingine.